Miaka Kumi ya Bi Laini

Siku aliyopelekwa kupimwa kumbukumbu, Bi Laini alivaa viatu vyake vya kazini, vile vyeusi vya kisigino kifupi, ingawa alikuwa amestaafu miaka kumi na minne iliyopita. Alisema mtu anayekwenda kuulizwa maswali lazima asikike akiingia.

Jina la Bi Laini alipewa kwenye kituo cha simu. Alikuwa opereta, enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine unainua simu, sauti ya mwanamke inakuuliza unamtaka nani, kisha unakaa kusubiri achomeke waya kwenye tundu lake. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita, na namba zote za maana alikuwa nazo kichwani: hospitali, zimamoto, kiwanda cha mikate, wakili aliyekuwa akipigiwa na wake za watu. Wakili alishakufa na kiwanda kimegeuka gereji, lakini ukimuuliza Bi Laini namba zao anakutajia bila kupepesa macho. Kilichokuwa kikimpiga chenga ni mambo ya jana.

Mwezi ule alikuwa ameunguza sufuria mbili. Alimuuliza binti yake mara tatu katika simu moja kama mkutano wa wazazi umekwisha. Na Jumapili moja alitoka kwenda sokoni, akarudi, akakuta funguo zinaning'inia mlangoni kwa nje, zikimsubiri kwa adabu. Hili la funguo asingemwambia mtu, ila jirani alishaliona na jirani hana breki za mdomo.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyepanga hata nyanya kwenye friji kwa ukubwa. Kila mtu alimwita Mwalimu, na mama yake pia alimwita hivyo alipotaka kumchokoza. Mwalimu hakupiga kelele kuhusu sufuria. Alichukua kalamu, akaandika tarehe zilipoungua, kisha akaweka miadi kliniki.

Chumba cha vipimo kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, chenye meza moja na viti vitatu. Kalenda ya ukutani ilikuwa imefunikwa kwa karatasi ili mtu akiulizwa tarehe asichungulie. Mpimaji alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na sauti ya chini mno, hata Bi Laini akamwambia, kwa upole wa mtu aliyewafundisha wengi, kwamba sauti haitoki kooni, inatoka tumboni. Mpimaji alishukuru, akakaa wima, akaanza upya.

Akaeleza kwamba atasoma maneno kumi na matano, moja baada ya jingine, na akimaliza Bi Laini ataje yote anayoyakumbuka, mpangilio wowote. Watarudia mara tano. Kisha watafanya mambo mengine kwa nusu saa, na baada ya hapo atamwuliza tena bila kumsomea.

"Ndoo, mwalimu, mvua, kiatu, ngazi," alisoma, na akaendelea, chumvi, paka, dirisha, mpaka jogoo na kitabu.

Bi Laini alitaja manne. Duru ya pili akataja sita. Duru ya tano alifika tisa, akajiona bingwa. Lakini nusu saa ilipopita, nusu saa ya kuchora miraba na kupanga vijiti, maneno yalikuwa yametawanyika kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Alikamata sita tu. La kuudhi ni kwamba mpimaji aliposoma orodha ndefu iliyochanganya maneno ya mwanzo na maneno mageni, na kumtaka aseme lipi ni lipi, aliyatambua kumi na manne bila kusita. Yalikuwemo kichwani yote. Yalikataa tu kuja yakiitwa.

Mwalimu aliitwa ndani kusikiliza majibu. Mpimaji alifungua jedwali lake, akapitisha kidole kwenye safu za umri, akasema kwamba kumbukumbu ya maneno hupungua miaka inavyosonga, si kwa ugonjwa peke yake, na ndiyo maana kila mtu hulinganishwa na wa rika lake.

"Kwa mama wa miaka sitini na tisa," alisema, "tungetegemea maneno manane au zaidi baada ya nusu saa. Sita ni chini kidogo. Si jambo la kushtuka. Tutarudia baada ya miezi mitatu."

Mwalimu alishtuka hata hivyo, kimyakimya, kwa kuandika.

Bi Laini alikuwa akiliangalia jedwali kichwa chini. Kusoma karatasi iliyogeuzwa alijifunza kazini, kwa kuchungulia meza ya msimamizi. Aliiona safu ya sitini na tano hadi sitini na tisa. Akashuka kwa macho mpaka safu ya sabini na tano hadi sabini na tisa, na hapo namba sita ilikuwa imekaa katikati kabisa, raha mustarehe, pamoja na tano na saba.

Tatizo ni kwamba Bi Laini hakuwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa na sabini na tisa.

Mambo yalianza zamani. Kituo cha simu kilitangaza nafasi kwa wasichana wasiozidi miaka ishirini na mmoja, wenye masikio mazuri. Yeye alikuwa na ishirini na tisa, hajaolewa, amechoka kupiga pasi nguo za watu. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Karani alimwuliza umri, naye akasema kumi na tisa. Karani alimtazama mara moja tu, akaandika. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba alipofika nje alijilaumu kwa kutosema kumi na nane.

Mwaka uliofuata alimpata mume, fundi redio, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeamini ameoa msichana mdogo. Mpaka anaingia kaburini, mzee yule alikuwa akimwita mkewe "mtoto wangu", na mkewe, aliyemzidi kwa miaka minne, alikuwa akiitika.

Mtu mmoja tu duniani alijua: mdogo wake, mkunga mstaafu, mwenye miaka sabini na tatu ya kweli, iliyoandikwa na kupigwa muhuri chuoni. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wa kisa. Kwa kuwa Bi Laini alijipunguza miaka kumi, mdogo wake aligeuka ghafla kuwa mkubwa kwa miaka minne. Mwalimu alipozaliwa ilibidi afundishwe jina la kumwita dada huyo wa mama, na kwa mujibu wa karatasi alikuwa Mama Mkubwa. Basi akawa Mama Mkubwa, miaka arobaini na sita mfululizo. Kwenye vikao vya familia alikaa kiti chenye mito. Alipakuliwa wa kwanza. Bi Laini akibisha jambo, mdogo wake humgeukia na kumwambia mbele ya watu, "Wewe mtoto, tulia." Na mlango ukishafungwa wakabaki wawili, yule yule aliyemwita mtoto huinuka, humtilia chai na kumwita dada.

Wiki moja baada ya kipimo, Mwalimu alikuja na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Alikuwa amepanga kumhamishia mama yake kwake, chumba cha uani, na kwenye karatasi ilikuwa ratiba: kuamka, mazoezi ya viungo, kifungua kinywa, kusoma kwa sauti, kupumzika, kutembea mara tatu kuzunguka nyumba. Chai ya jioni ilikuwa na dakika kumi na tano. Bi Laini aliuliza kama kuna kengele. Mwalimu, ambaye utani ulimpita mbali akiwa na wasiwasi, alijibu kwamba wanaweza kuiweka.

Walikubaliana wangoje kipimo cha pili. Kikitoka vibaya, anahama.

Bi Laini alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamweleza yote, akamalizia kwa kusema kwamba hakuna njia ila kumwambia Mwalimu ukweli.

Mama Mkubwa aliweka kikombe chini. Alisema ni jambo la kufikiriwa. Alifikiri kwa muda mfupi sana.

"Nimekuwa mkubwa karibu miaka hamsini, dada," alisema. "Leo unataka nishushwe cheo kwa sababu ya sufuria?"

Bi Laini alimwambia cheo hicho hakukisomea. Mdogo wake akajibu kwamba hata yeye hakuomba, alipewa, na kitu cha kupewa hakirudishwi kikiwa kimetumika namna ile. Walinuniana kidogo. Kisha Mama Mkubwa, ambaye katika maisha yake alikuwa ametatua matatizo makubwa kuliko hilo akiwa na taa ya chemli na ndoo ya maji moto, akatoa wazo. Kwani kipimo si maneno kumi na matano tu? Maneno yanaibwa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Yeye mwenyewe angekwenda kliniki kama mzee mwingine yeyote anayejali afya yake, asomewe orodha, airudishe nyumbani kichwani, kisha Bi Laini aikariri kwa miezi mitatu. Bi Laini alikumbuka baadhi ya maneno, lakini alitaka yote.

Siku ya wizi Bi Laini alingoja kwenye benchi la korido akijitia hamnazo, gazeti mkononi. Mama Mkubwa aliingia na mkoba wake wa ukunga, kichwa juu. Saa nzima ikapita. Alipotoka alikuwa anatembea haraka haraka kama mtu aliyebeba uji kwenye kiganja, midomo inacheza. Alikaa, akamshika dada yake mkono, akasema kwa pumzi moja: ndoo, mwalimu, mvua, paka, jogoo.

Bi Laini alingoja.

"Endelea," alisema.

"Ndiyo hayo."

Mwizi alikuwa ameangusha mali njiani. Mama Mkubwa alilaumu korido, akalaumu miwani ya mpimaji, akamlaumu mtoto mmoja aliyekuwa akilia mapokezi. Ilibidi warudi nyumbani na kukaa mezani na karatasi, wakiyavuta maneno moja moja kama watu wanaotoa ndoo kisimani. Bi Laini alileta kiatu, ngazi na kitabu. Mdogo wake akapata chumvi. Waligombana nusu saa nzima kama lilikuwa shoka au soko, na Mama Mkubwa akaapa kwamba lilikuwemo neno mtoto, mpaka alipokumbushwa kwamba yeye huliona neno mtoto kila mahali kwa sababu ya kazi. Siku ya tatu dirisha, barua, goti, sabuni na daraja zikajileta zenyewe Bi Laini akiwa anafua. Wakawa na kumi na matano.

Mazoezi yakaanza. Kila asubuhi Mama Mkubwa alifika, akavua viatu, akakaa mbele ya dada yake na kumwendesha kama mzazi aliyelazwa wodini. Bi Laini akikwama kwenye la kumi na mbili, mdogo wake humwambia avute pumzi, asiogope, bado kidogo tu, sukuma. Walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini kazi iliendelea. Mwezi wa pili Bi Laini alikuwa akiitaja orodha kutoka mwanzo hadi mwisho, mwisho hadi mwanzo, na siku moja jirani alimsikia akiiimba huku akimenya viazi, akaja kuuliza kwa wasiwasi kama yuko salama.

Miezi mitatu ilipotimia, Bi Laini alivaa tena viatu vyake na kuingia chumba cha vipimo kwa mwendo wa mtu anayejua majibu. Mwalimu alibaki korido akisahihisha madaftari. Mama Mkubwa alikaa pembeni yake, eti amesindikiza.

"Leo nitakusomea maneno kumi na matano," mpimaji alisema, na sauti yake sasa ilikuwa inatoka tumboni vizuri kabisa. "Ni mapya. Si yale ya mara ya kwanza."

Bi Laini aliuliza kama hayawezi kuwa yale yale, kwa kuwa alishayazoea. Mpimaji alitabasamu, akamwambia ndiyo maana yamebadilishwa.

Akaanza kusoma: kijiko, mlima, askari, shati. Bi Laini alijitahidi kuyashika, lakini kila neno jipya lilipobisha hodi lilikuta chumba kimejaa. Alipofungua mdomo alisema kijiko, mlima, na kabla hajajizuia ndoo ikatoka, ikafuatwa na mwalimu, mvua, kiatu, ngazi, chumvi, na treni nzima ikapita bila kusimama hadi kitabu.

Mpimaji alikuwa ameacha kuandika. Alifungua faili, akatoa karatasi ya miezi mitatu nyuma, akaipitia kwa kidole. Akamwuliza kwa upole nani amemfundisha.

Bi Laini alikuwa na mambo mawili ya kuchagua na yote hayakumfurahisha. Alitazama mlango, akavuta kiti karibu, akamwambia mpimaji asogeze sikio. Alisimulia kila kitu, karani, fundi redio, wizi wa korido, ukunga wa asubuhi. Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kufuta machozi kwa mkono wa koti, na Bi Laini aliridhika kuona kwamba ni ya kucheka.

"Kwa hiyo miaka yako ya kweli ni mingapi, mama?"

Bi Laini alimwambia. Hakuwa ameitamka namba hiyo mbele ya mtu mwingine zaidi ya mdogo wake tangu aondoke kwa karani, na ilitoka kwa sauti ya ajabu, kama ya mtu mwingine aliyekuwa amekaa ndani yake.

Mpimaji alirudi kwenye jedwali. Kipimo cha leo kimeharibika, alisema, hakiwezi kuhesabiwa. Lakini kile cha kwanza, kwa mtu wa sabini na tisa, ni cha kawaida kabisa, na kule kutambua maneno kumi na manne kati ya kumi na matano ni kuzuri. Ila faili haliwezi kubadilishwa kwa kunong'onezwa sikioni. Lazima binti aambiwe, na apatikane mtu wa kuthibitisha.

Wakaitwa wote wawili. Chumba kilikuwa na viti vitatu, kwa hiyo Mwalimu alisimama ili Mama Mkubwa akae. Mpimaji alisema kuna suala la umri wa Bi Laini linahitaji kuwekwa sawa, na kwamba Mama Mkubwa, kama ndugu pekee aliye hai, anaweza kusaidia.

Mama Mkubwa alimtazama dada yake jicho la pembeni. Kisha akakunja mikono juu ya mkoba, akasema kwamba yeye ni mtu mzima, mambo ya miaka mingi hivyo yameshamchanganyikia, na karatasi ndizo zinazojua.

Bi Laini hakuamini masikio yake. Alimwangalia mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni na kumfuta kamasi, akimkana mchana kweupe kwa ajili ya kiti chenye mito. Angeweza kusema mengi, lakini Mwalimu alimtangulia. Mwalimu alikuwa amesikia kitu kimoja tu katika maneno yale.

"Yamekuchanganyikia?" aliuliza. Akafungua daftari. Akaanza kufikiri kwa sauti, taratibu, kama anayeandika ubaoni. Ikiwa Mama wa miaka sitini na tisa amefika hapa, basi Mama Mkubwa wa miaka sabini na tatu, anayeishi peke yake na sasa anakiri mwenyewe kwamba mambo yanamchanganya, yuko hatarini zaidi. Chumba cha uani kina nafasi ya vitanda viwili. Ratiba ni ile ile, itaongezwa jina tu. Kuzunguka nyumba mara tatu wanaweza kwenda pamoja.

Mama Mkubwa alikuwa ameiona ratiba ile. Alikuwa ameicheka mpaka akalala chini.

"Mimi ndiye mdogo," alisema.

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Mama yako amenipita miaka sita. Kanilea. Ana sabini na tisa, na kichwa chake kizima kuliko changu. Mimi hapo ndani nilitoka na maneno matano, na mawili nilikuwa nimeyaandika kiganjani."

Macho ya Mwalimu yalikwenda juu kidogo, kama yaendavyo macho ya wanaopiga hesabu bila karatasi, na mama yake aliweza kuona hesabu zikipita. Sherehe ya kutimiza miaka sitini, ile aliyoiandaa yeye mwenyewe, na mishumaa akaihesabu mara mbili. Umri wa kuzaa. Baba yake.

"Baba alijua?" aliuliza mwishowe.

Bi Laini alisema hapana. Alimweleza binti yake kwamba mwanamke wa miaka ishirini na tisa, wakati ule, alikuwa kama duka lililofungwa milango nusu. Watu wanapita wanadhani hakuna kitu ndani. Miaka kumi ile haikumwumiza mtu. Ilimpa kazi, kazi ikampa mume, mume akampa yeye. Kisha uongo ukawa kama waya uliochomekwa vizuri: ukiuchomoa mazungumzo ya watu yanakatika. Angemwambia lini? Siku ya harusi yake? Siku ya msiba wa baba yake?

Mwalimu alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema miaka nenda rudi amekuwa akijibu fomu za hospitali kwa niaba ya mama yake na zote ni uongo, dawa alizopewa, vipimo alivyokosa, yote yalipimwa kwa mtu ambaye hayupo. Mama yake akaomba radhi, kwa kumaanisha, mbele ya mdogo wake, jambo ambalo halikuwa dogo. Mwalimu alikuwa akibonyeza kalamu, ndani nje, ndani nje. Halafu bega lake moja likatikisika, akaweka kiganja mdomoni, na alipoweza kusema alisema tu kwamba baba alikuwa akimkatia mama yake nyama vipande vidogo, kwa sababu yeye ni mdogo.

Mpimaji aliwangoja wamalize kucheka. Kisha alisema jambo ambalo dada hawa wawili hawakulipenda, kwamba umri unaeleza maneno sita lakini haufuti sufuria mbili zilizoungua. Bi Laini anunuliwe saa ya kengele ya jikoni, avae funguo shingoni, na kila mwaka aje apimwe, kwa umri wake mwenyewe. Kuhama hakukuwa na sababu. Mwalimu aliuliza maswali saba, akaandika majibu saba, akaichana ratiba mara nne na kuitia mkobani, kwa kuwa hakutaka kuchafua kliniki ya watu.

Mambo hayakukaa sawa siku ile ile. Mwalimu alimaliza wiki mbili bila kupiga simu, na Bi Laini alizihesabu. Alipopiga, aliongea kwanza habari za mvua, kisha akauliza kama saa ya jikoni inafanya kazi, kisha, kana kwamba limempitia tu, akauliza ilikuwaje alipozaliwa yeye, mama akiwa na thelathini na tatu na kila mtu wodini anadhani ni binti wa ishirini na tatu. Waliongea saa nzima. Mama Mkubwa alibaki akiitwa Mama Mkubwa, maana ulimi wa mtu mzima haufundishiki upya, ila katika kikao kilichofuata alikwenda mwenyewe kukaa kwenye kiti cha kawaida, na alifanya hivyo kwa mikogo kiasi kwamba watu watatu waliinuka kumbembeleza.

Mwezi uliofuata mpimaji alimpigia Bi Laini simu. Alikuwa na wasiwasi wake, na alitaka kuuliza kwa heshima. Wale maopereta wenzake, walioajiriwa wakati mmoja kwa masharti yale yale, kuna mwingine yeyote ambaye labda alikosea umri kidogo? Kwa sababu wanne kati yao walikuwa wamepimwa kliniki hapo na wote wanne walionekana kusahau kuliko rika lao, na yeye alikuwa ameanza kuandika ripoti.

Bi Laini alimwambia aahirishe ripoti. Namba za wenzake hakuhitaji kuzitafuta mahali. Aliwapigia mmoja mmoja kwa sauti yake ya kazini, akiwaeleza kwamba kuna mlango unafungwa vizuri, na anayesikiliza hana mdomo.

Walikuja Jumatano, wanawake sita wenye mikoba mikubwa, wakakaa kwenye benchi la korido bila kuangaliana. Mpimaji alikuwa ameongeza mistari miwili kwenye fomu, mmoja wa umri wa karatasini na mmoja wa umri wenyewe. Mmoja mmoja waliingia, na mmoja mmoja walitoka wamenyooka mgongo. Wa mwisho, aliyekuwa msimamizi wao na mkali wao, aliingia, akafunga mlango, akaufungua tena kuhakikisha hakuna aliyeweka sikio, akaufunga. Aliikataa kalamu. Akaomba kiganja cha mpimaji, akaandika namba kwa kidole, bila wino, na alipoona miwani mikubwa inapanda juu kwa mshangao, akamwuliza kama ameisoma vizuri au aandike tena.